Amri ya ulinzi ya mahakama: inavyoombwa, inachoweza kuzuia na mahali inapokwama

Karani Mstaafu, Mombasa

Ndugu wasomaji, nimefungua uzi huu kwa sababu katika miaka yangu ya kazi kwenye masjala ya mahakama ya hakimu hapa pwani niliona waombaji wengi wakifika wakiwa wamechelewa. Walikuwa wamekwisha kupita kwa wazee wa mtaa, kwa chifu, kwa shangazi, kwa imamu au kwa mchungaji, na wengine walikuwa wameandikisha taarifa polisi. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba iko sheria inayomruhusu mtu kumwomba hakimu amzuie anayemdhuru asimkaribie, bila kulazimika kwanza kufungua kesi ya jinai na bila kulazimika kuomba talaka.

Sheria hiyo ni ile ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, namba 2 ya mwaka 2015. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2020. Nitazungumzia Kenya kwa kuwa ndiko nilikofanya kazi. Walio nchi jirani wataongeza ya kwao.

Jambo la kwanza ambalo watu hulikosea ni kudhani kwamba sheria hii inahusu kipigo peke yake. Kifungu cha 3 kina orodha ndefu: kudhuriwa mwili, kudhalilishwa kingono, kutukanwa, kuteswa moyoni, kunyimwa njia ya kujikimu, kuharibiwa mali, kutishwa, kufuatwafuatwa na kuviziwa, kuvunjiwa mlango na mtu msiyeishi naye nyumba moja. Imetajwa pia ndoa ya kulazimishwa, kurithiwa kwa nguvu kwa mjane, ukeketaji, na hata wakwe kuingilia maisha ya wanandoa. Nawaomba wanawake walioolewa wasome kwa makini sehemu inayotaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, imewaondoa wanandoa kwenye kosa la ubakaji kama lilivyoelezwa humo. Kwa hiyo mke anayelazimishwa na mumewe mara nyingi huambiwa kituoni kwamba hana kesi. Kesi ya ubakaji huenda asiipate, lakini amri ya ulinzi anaweza kuiomba kwa sababu hiyohiyo, na anayemwambia vinginevyo hajaisoma sheria ya 2015.

Jambo la pili ni nani anaweza kuomba. Si lazima mwe mmefunga ndoa. Wanaoingia ni wanandoa, walioachana, waliochumbiana, waliozaa pamoja, wanaoishi nyumba moja, ndugu wa familia, na walio katika uhusiano wa karibu. Mzazi anaweza kuomba dhidi ya mwanawe, na katika mitaa yetu iliyoharibiwa na heroini nimewaona akina mama wazee ambao masufuria yao yaliuzwa, kisha godoro, kisha wakapigwa na kijana waliyemzaa. Wengi wao hawakutaka mtoto afungwe. Walitaka asiingie ndani usiku, na amri ya ulinzi inaweza kuagiza hilo.

Sasa utaratibu. Mwombaji huenda kwenye mahakama ya hakimu mkazi na kuwasilisha ombi likiambatana na hati ya kiapo inayoeleza yaliyotokea. Hati ya kiapo ndiyo nguzo ya ombi lote. Niliona viapo vilivyoandikwa mistari mitatu, «mume wangu ananitesa na ninaomba msaada», na hakimu akabaki hana la kushika. Andika tukio la mwisho kwanza, kwa tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo. Kisha eleza matukio ya nyuma, kwa kuwa mahakama inapima pia uwezekano wa jambo kurudiwa. Ambatanisha namba ya OB, yaani daftari la matukio la polisi, kama uliripoti, fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, kama uliumia, picha za majeraha na ujumbe wa simu.

Ikiwa hatari ni ya haraka, hakimu anaweza kutoa amri ya muda bila kumsikiliza kwanza anayelalamikiwa. Baada ya hapo mtu huyo hufikishiwa amri pamoja na wito, naye hupewa nafasi ya kujitetea kabla amri kamili haijatolewa au ile ya muda kuondolewa. Amri inaweza kumkataza kukupiga, kukutisha, kukufuata, kuingia nyumbani kwako, kufika kazini kwako au shuleni kwa watoto, na pia kumtuma mtu mwingine akufanyie hayo. Inaweza kukupa wewe haki ya kubaki katika nyumba mliyoishi pamoja hata kama nyumba ni ya jina lake. Inaweza kuagiza polisi wakusindikize kuchukua nguo, vyeti na vitu vya watoto. Anayeivunja bila sababu ya msingi anatenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Inapokwama ni katika kuifikisha. Amri iliyosainiwa ikabaki kwenye faili haimzuii mtu yeyote, kwa maana mlalamikiwa atasema hakuijua, na hakimu hatampata na hatia ya kuvunja asichoarifiwa. Nimeona amri nzuri zikilala kwenye masjala wiki nyingi kwa sababu mwombaji alidhani mahakama itazipeleka yenyewe, karani alidhani mwombaji amezichukua, na polisi hawakujua kwamba zipo. Siku unapopewa amri, uliza papo hapo: nani anaifikisha, lini, na hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba imefikishwa itaingia lini kwenye faili? Wewe mwenyewe usimpelekee. Chukua nakala zilizogongwa mhuri, moja ipeleke kituo cha polisi cha eneo unaloishi na uhakikishe imeandikwa kwenye OB mbele yako, nyingine ibaki kwako, nyingine kwa mtu unayemwamini. Mkuu wa kituo, yaani OCS, akibadilishwa, nenda ukamwonyeshe aliyekuja.

Binti wa Lamu

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa maelezo. Sisi wengi huku ndoa zetu ni za Kiislamu, na mtu akipata taabu husukumwa kwenda kwa Kadhi. Dada mmoja ninayemfahamu alikwenda, akaambiwa asubiri suluhu, na wakati wa kusubiri alikuwa akiishi na mtu yuleyule. Je, angeweza kwenda kwa hakimu kabla shauri la Kadhi halijamalizika? Na akienda, haitaonekana kama amemdharau Kadhi?

Karani Mstaafu, Mombasa

Marahaba, binti yangu. Angeweza, na hakuna dharau yoyote ndani yake. Ibara ya 170 ya Katiba imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zinakubali mamlaka hiyo. Amri ya ulinzi iko kwa hakimu mkazi. Kwa hiyo faskhi (ndoa kuvunjwa na Kadhi), khului (mke kujivua ndoa kwa malipo), nafaka (matunzo ya mke) na eda zitaendelea kwa Kadhi, na wakati huohuo hakimu anaweza kuagiza mume asifike nyumbani. Faili mbili katika majengo mawili hazigongani, kwa sababu moja inauliza kama ndoa ibaki na nyingine inauliza kama mtu yuko salama leo.

Ningependa dada huyo aambatanishe kwenye kiapo chake ushahidi kwamba shauri liko kwa Kadhi, ili hakimu ajue kwamba haombi talaka kwa mlango wa nyuma. Suluhu ni jambo jema kati ya watu wawili wanaoweza kukaa mezani bila mmoja kumwogopa mwenzake. Mtu aliyetishwa asubuhi hawezi kusuluhishwa alasiri akiwa ameketi karibu na aliyemtisha, kwa sababu atakubali lolote ili apate kurudi nyumbani bila kuadhibiwa, na karatasi ya suluhu itasomeka kama ridhaa.

Mkaazi wa Likoni

Mzee, kwa heshima, mimi naona sheria hii inavunja nyumba za watu. Mume anatolewa kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, tena bila kusikilizwa, kwa sababu mke ameandika kiapo. Wako wanawake wanaotunga. Na hata wanaume nao hupigwa, lakini nani atawasikiliza?

Karani Mstaafu, Mombasa

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Sheria haikusema mke au mume. Imesema mwombaji na mlalamikiwa. Mwanaume anayepigwa au kutishwa ataomba kwa fomu ileile na kusikilizwa na hakimu yuleyule, na ninawasihi wanaume waliomo katika hali hiyo waende, kwa sababu aibu imewazika wengi.

Kuhusu kutolewa bila kusikilizwa: amri ya muda ni ya muda. Mlalamikiwa huja mbele ya hakimu, huleta kiapo chake na mashahidi wake, na amri huondolewa mahakama isiporidhika. Anayeapa uongo anatenda kosa, na wakili wa upande wa pili ana haki ya kumhoji. Kuhusu nyumba, amri ya ulinzi haihamishi umiliki. Hatimiliki hubaki kwa mwenyewe, na mgawanyo wa mali ya ndoa una sheria yake ya mwaka 2013. Kinachoamuliwa hapa ni nani alale humo wakati hatari ipo. Siwezi kuliona kuwa haki jambo la mama na watoto kuhama usiku na mabegi huku aliyewafukuza akibaki kitandani.

Umesema sheria inavunja nyumba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwauliza wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 34 walisema wamewahi kupigwa au kudhuriwa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Hizo ndizo nyumba tunazozizungumzia, na zilikwisha kuvunjika kabla ya mtu yeyote kufika masjala.

Nesi wa Kilifi

Naomba niongeze upande wa hospitali, kwa sababu huko ndiko ushahidi mwingi hupotelea.

Aliyedhalilishwa kingono aje hospitali kwanza, hata kabla ya polisi akipenda. Asioge, asifue nguo, na nguo azilete ndani ya mfuko wa karatasi badala ya plastiki. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba za dharura zina nafasi ya hadi saa 120, ingawa nazo hupungua nguvu kadiri muda unavyopita. Huduma hizi hazisubiri namba ya OB. Kuna fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, tunayoijaza sisi, na kuna P3 inayotoka polisi, na zote mbili zinaweza kuambatanishwa kwenye hati ya kiapo aliyoieleza mzee.

Kwa aliyepigwa, nawaomba msituambie kwamba mmeanguka bafuni. Tunaandika kile mnachotuambia, na maandishi hayo yakiletwa mahakamani miezi kadhaa baadaye, yatasomwa dhidi yenu. Ukiogopa kusema mbele ya aliyekuleta, omba kuzungumza na nesi peke yako. Tutapata sababu ya kumtoa nje aliyekuleta.

Kunyongwa shingo kusichukuliwe kirahisi hata kama hakuna alama. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma au macho yakiwa na wekundu wa damu, njoo siku hiyohiyo, na tukio hilo litajwe kwa jina lake kwenye kiapo, kwa sababu anayemkaba mwenzake shingo ni mtu wa hatari kubwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Mwanafunzi wa Chuo, Malindi

Shikamoo wazee wangu. Mimi naandamwa na mtu ambaye sijawahi kuwa na uhusiano naye. Tulisoma kozi moja, nikamkataa, na tangu hapo anasimama nje ya hosteli, ananitumia ujumbe kwa laini tofauti kila ninapomzuia, na amefungua akaunti yenye picha zangu. Nikisoma orodha ya mzee sijioni ndani yake. Nifanye nini?

Karani Mstaafu, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Umeisoma sheria vizuri, na umegusa pengo lake kubwa. Sheria ya 2015 inajua kumzuia anayefuatilia, lakini inamtaka awe na uhusiano wa kifamilia, wa kimapenzi au wa karibu na anayemfuatilia. Mtu baki anayekuandama yuko nje ya mlango huo. Kusoma pamoja peke yake hakutoshi. Bunge lilipaswa kuliziba pengo hili, na naamini litalazimika kuliziba.

Mlango ulio wazi kwako ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018. Kifungu chake cha 27 kinahusu kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao, nacho kinataja amri ya mahakama ya kumtaka mtu aache, ikiwemo amri ya muda. Sheria hiyo imekuwa na mabishano mengi mahakamani, kwa hiyo mwone wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla ya kuandika ombi. FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, wamekuwa wakisaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kusimama nje ya hosteli na vitisho vya ana kwa ana viripoti polisi kama makosa yanayojitegemea, kila mara vinapotokea, ili OB ionyeshe mfululizo.

Usiufute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokutia kinyaa. Usibadilishe simu bila kuhifadhi ya zamani. Picha za skrini zikienda mahakamani zitahitaji cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilitoka kwenye kifaa gani, nani alizitoa na kwa njia gani. Nimeona picha nzuri zikikataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Mjulishe pia mkuu wa hosteli kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopokelewa.

Mama wa Tanga

Habari za huko. Huku Tanzania Bara hatuna sheria moja inayojitegemea ya ukatili wa nyumbani kama ya Kenya, na ninaona wengi wakichanganya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumpiga mwenzake. Sheria hiyohiyo inaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru mtu aache kumbughudhi mwenzi au mtalaka wake, lakini mamlaka hayo yamefungwa kwenye shauri la ndoa: liwe linaendelea mahakamani, au talaka au utengano uwe umekwisha kutolewa. Mwanamke anayetaka ulinzi tu, asiyetaka kuachika, anabaki na njia ya jinai: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, kisha shtaka la shambulio.

Kabla ya shauri la talaka kuna baraza la usuluhishi wa ndoa, na ninakubaliana kabisa na mzee kuhusu kusuluhishwa na mtu unayemwogopa. Sheria inaruhusu mahakama kuona mazingira maalumu yanayofanya baraza lisiwezekane, ila mara nyingi hakuna anayemwambia mwanamke kwamba anaweza kuomba hivyo. Aliyeishi na mwanaume miaka miwili au zaidi wakijulikana kama mke na mume anaweza kutumia kifungu cha 160 kinachohusu dhana ya ndoa, kwa hiyo asikubali kuambiwa kwamba hana cheti basi hana haki.

Karani Mstaafu, Mombasa

Ahsante sana, mama. Hilo la kufungwa kwenye shauri la ndoa ni jambo zito, kwa sababu kipindi cha kuondoka ndicho cha hatari kuliko vyote, nacho huanza kabla faili yoyote haijafunguliwa.

Wengi tunamkumbuka Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake kaunti ya Trans Nzoia na mwanaume aliyekuwa mpenzi wake, akafariki siku chache baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Palikuwa na mgogoro wa ardhi na nyumba. Baba yake alieleza kwamba malalamiko yalikuwa yamepelekwa polisi kabla ya hapo. Mgogoro wa kiwanja kati ya watu walioachana huonekana kituoni kuwa kesi ya madai, nao huambiwa waende kwa wazee wa ardhi, na kitisho kilichomo ndani yake hakiandikwi. Kwa hiyo ninapomshauri mtu anayeachana, humwambia ombi la ulinzi litangulie mazungumzo ya mali, na siku ya kuhama isitangazwe kwa anayeachwa. Laini ya simu ya 1195 inapokelewa bure kwa masuala ya ukatili wa kijinsia nchini Kenya, nayo 116 ni ya watoto.

Mwenye Nyumba wa Kisauni

Mzee, swali la mwisho kutoka kwangu. Mpangaji wangu amenipa nakala ya amri inayomkataza mumewe kuingia. Mkataba wa upangaji uko kwa jina la mume, na ndiye alikuwa akilipa kodi. Mume huyo amenipigia simu akidai nimfungulie kwa sababu yeye ndiye mpangaji. Mimi sitaki kuingia kwenye ugomvi wa watu.

Karani Mstaafu, Mombasa

Ndugu, kutofungua mlango si kuingia kwenye ugomvi. Mkataba unamtambua yeye kama mpangaji, na amri ya mahakama inamkataza mpangaji huyo kuingia. Amri ndiyo inayofuatwa hadi ibadilishwe na mahakama. Mjibu kwa ujumbe mfupi wa maandishi kwamba umepokea nakala na kwamba akitaka kuingia aende mahakamani. Usijadiliane naye kwa simu.

Usimtoe mama huyo kwa sababu jina lake halimo kwenye mkataba. Kama kodi itamshinda, mwambie arudi kwa hakimu na suala hilo aliombee maagizo, badala ya nyinyi wawili kulimaliza kimya kimya. Mpe mlinzi nakala ya amri na picha ya mtu anayezuiwa, na umweleze kwamba «nimekuja kuchukua nguo tu» haikubaliki bila polisi. Akifika, mlinzi asipigane naye. Apige simu kituoni, atoe namba ya OB ambako amri iliandikwa, na aandike kwenye daftari la getini aliyekuja, alichosema na aliyeshuhudia. Saa na tarehe ziandikwe usiku huohuo, si asubuhi, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wakili wa upande wa pili atamuuliza akisimama kizimbani.